Wapangaji wa Dari ya Shosho

Shosho alinipigia simu Jumapili usiku, saa ambazo huwa ameshalala. Nikajua kuna msiba.

"Kuja unitolee hawa watu," akasema.

"Watu gani, shosho?"

"Hawa wa juu."

Wa juu ni popo. Shosho anaishi upande wa Tetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kwenye nyumba ya mbao na mabati aliyoachiwa na guka, na popo wamekuwa kwenye dari hiyo tangu nikiwa mtoto. Tukipelekwa huko likizo ya Disemba tulikuwa tunalala tukiwasikia wakikwaruzana juu yetu kama watu wanaotafuta funguo gizani. Hakuna aliyewaita shida. Walikuwa tu sehemu ya nyumba, kama moshi wa jikoni na ile saa ya ukutani ambayo haijawahi kusema ukweli.

Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtoto. Binamu yangu alimwachia shosho mwanawe wa miaka mitatu akaenda Thika kutafuta kazi, na huyo mtoto ana kifua kisichoisha. Daktari hakusema ni popo. Aliyesema ni shosho. Lakini si kwamba anaota: mavi ya popo yakirundikana miaka na miaka yanaweza kufuga aina ya kuvu, na vumbi lake likiingia mapafuni linaleta ugonjwa. Tena kuna harufu. Ukienda chumba cha nyuma, inakupokea mlangoni kabla hujasema hodi.

Fundi akapatikana huko huko. Mpango wake ulikuwa mwepesi: aje mchana, wakati wote wamelala ndani, azibe kila tundu kwa simenti na vipande vya mabati, kisha asubiri. Wiki mbili hivi, alafu anafungua dari na kuzoa. Elfu sita pamoja na vifaa. Kazi yangu mimi ilikuwa kutuma M-Pesa.

Sikutuma. Ilikuwa mwisho wa Aprili, mvua ndefu imeshika. Popo wengi wanaokula wadudu huku kwetu hupatanisha uzazi wao na mvua, kwa sababu mvua ndiyo huleta wadudu, na mama anayenyonyesha lazima ale sana. (Ndiyo, popo hunyonyesha. Kama hukujua, hauko peke yako, nami nilikuwa mkubwa wakati nilijua.) Kwa hivyo kwenye dari ile, mwezi ule, kulikuwa na watoto wasiojua kuruka. Nikamwambia shosho tungoje. Watoto wakishapata mabawa tutatundika wavu mbele ya matundu, uachwe wazi kwa chini: jioni wanatoka kutafuta chakula, wakirudi hawapati pa kuingilia, wanaenda kutafuta kwingine. Siku kadhaa zikipita bila mtu kutoka, ndiyo tunaziba. Hakuna anayekufa.

"Hiyo ni lini?"

"Kama miezi miwili."

Akanyamaza. "Na hiyo miezi miwili, ni wewe utakuwa unalala hapo?"

Nilikuwa na majibu mengi, na karibu yote yalikuwa ya mtu anayeishi Nairobi, ghorofa ya nne.

Kwa popo, dari ni pango. Popo wengi wanaolala kwenye nyumba zetu asili yao ni nyufa za miamba, mapango na mashimo ya miti mikuu: mahali penye giza, joto lisilopanda na kushuka ovyo, na mlango mdogo ambao adui hauoni. Sisi tulipoacha nyasi tukaezeka mabati na kupigilia dari chini yake, tuliwajengea mapango maelfu kwa maelfu bila kukusudia. Na watu wa Nyeri hawahitaji kufundishwa faida ya pango. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ina mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 50, na ukifika Nanyuki hutakosa mtu wa kukupeleka hadi moja la hayo. (Mfano huu nauacha hapo hapo. Mkoloni aliwalinganisha watu wetu na wanyama vya kutosha.)

Lakini kile kinachofanya pango liwe salama ndicho kinalifanya liwe mtego. Mko wote ndani, mlango ni mmoja, na anayeujua mlango anaweza kuwamaliza kwa siku moja. Ongeza hapo kwamba popo huzaa polepole sana. Panya wa uzito ule ule anaweza kujaza nyumba kwa mwaka. Popo wengi hupata mtoto mmoja, basi. Kinachowaokoa ni umri. Kuna popo mmoja mdogo wa Siberia, mwenye uzito wa gramu kama saba tu, aliyevishwa pete na watafiti akapatikana akiwa hai miaka 41 baadaye. Kwa hiyo hesabu ya popo haifanani na ya panya wala ya kuku. Inashuka kwa siku na kupanda kwa miongo. Pale Kampala kulikuwa na kundi la popo wakubwa wa matunda waliokuwa wakining'inia mitini katikati ya jiji, na mtaa wenyewe ukaitwa Bat Valley. Katika miaka 40 walipungua kutoka takriban 250,000 hadi 40,000 kufikia mwaka 2007. Nani aliyeamua wapungue? Hakuna. Mti huu leo, mti ule mwakani.

Kwenye nchi za baridi mambo yalienda kwa kasi zaidi. Popo wa huko wana desturi ambayo sisi wa Ikweta hatunayo: majira ya baridi wanaingia pangoni na kulala miezi. Si usingizi kama wako wa Jumapili. Mwili unapoa hadi unakaribia ubaridi wa pango lenyewe, moyo unaotaka kupiga mamia ya mapigo kwa dakika unapiga machache tu, na popo anaishi kwa mafuta aliyoyabeba mwilini tangu vuli. Mafuta hayo yamepimwa. Kila anapoamka anachoma akiba ya siku nyingi. (Wetu hapa huzimia kidogo tu, saa chache siku ya baridi, kisha wanaendelea na maisha. Ingawa Julai ya Nyeri, tuseme ukweli, kuna binadamu ninaowajua ambao hulala hadi Septemba.) Mwaka 2006, katika pango moja la jimbo la New York, walipigwa picha popo waliolala wakiwa na unga mweupe puani. Ilikuwa kuvu, na inaaminika ilitoka Ulaya, pengine kwenye viatu vya mtu. Kuvu hiyo haimuui popo kwa sumu kali. Inamwasha, inamsumbua, inamwamsha mara kwa mara katikati ya usingizi, hadi mafuta yanaisha na nje bado ni theluji, hakuna hata mdudu mmoja. Walikufa mamilioni. Kwa baadhi ya aina, zaidi ya tisa kati ya kila kumi.

Halafu mwaka 2024 mchumi mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eyal Frank, akachapisha hesabu iliyonifanya niweke simu chini. Alilinganisha kaunti ambako popo walikufa na zile ambako ugonjwa ulikuwa haujafika. Walikokufa, wakulima waliongeza dawa za kuua wadudu kwa takriban asilimia 31, na vifo vya watoto wachanga vikapanda kwa takriban asilimia 8.

Nikaona nimepata jibu. Nikampigia shosho nikamweleza: hawa watu wako wa juu wanakula wadudu usiku kucha, wanatufanyia kazi bure, bila wao ni sumu tu shambani.

"Wanakula mbu?"

"Wanakula pia mbu."

"Mbona mimi bado nanunua neti?"

Nikajaribu njia nyingine. Shosho anaheshimu mugumo. Kwake huo si mti tu, ni mti wa Mungu, na kuni zake haziguswi. Ihithe, alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940, haiko mbali na kwake, na Wangari naye alifundishwa hivyo hivyo na mama yake, kabla ya kwenda shule ya wazungu na kurudi kuelewa kwamba mizizi ya ule mti ilikuwa ikishikilia udongo na kufungulia chemchemi njia. Basi nikamwambia shosho: unafikiri mugumo unapandwa na nani? Popo anakula tunda, anaruka, anadondosha mbegu mbali, pengine kwenye uma wa mti mwingine, na mugumo mpya unaanzia hapo juu.

Hilo lilimgusa. Nikajisikia vizuri kwa dakika kama kumi, kisha nikajisikia vibaya, kwa sababu nilikuwa nimemdanganya kidogo. Popo wa mugumo ni wale wakubwa wa matunda. Wa kwenye dari yake ni wadogo wala wadudu, na hawajawahi kupanda hata mchicha.

Lakini kuna jambo baya zaidi ya huo uongo. Nilikuwa nawatetea kama wakili anayemtetea mteja kwa kuonyesha risiti zake za ushuru. Wanakula wadudu, waacheni. Wanapanda miti, waacheni. Sawa, na asiyekula wadudu wala kupanda mti? Siku mtu akija na hesabu nyingine inayoonyesha dawa fulani ni rahisi kuliko popo, nitasema nini? Nitakuwa nimeshakubali kwamba anayestahili kuishi ni yule mwenye faida, na nimebaki kubishana kuhusu takwimu. Shosho mwenyewe ana miaka 83. Hachumi kahawa tena. Hakuna mtu kwenye ukoo wetu anayefikiria kumfanyia hesabu ya aina hiyo, na yeyote atakayejaribu ataondolewa kwenye grupu ya WhatsApp ya familia kabla hajamaliza sentensi.

Sijasema popo ni sawa na shosho. Nasema tu kwamba tunapompenda mtu hatuanzi na faida yake, na tunapomtetea tusiyempenda tunaanza na faida papo hapo, mbio mbio, kana kwamba hatuna kingine mfukoni.

Tukiacha faida, kinachobaki kwenye simu ile ya Jumapili ni hofu. Na hofu ya shosho naiheshimu. Magharibi mwa Kenya, kwenye Mlima Elgon, kuna pango la Kitum ambamo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Mwaka 1980 Mfaransa aliyelitembelea alikufa kwa virusi vya Marburg, na mwaka 1987 akafa mvulana wa Kidenmaki wa miaka 15 aliyekuwa amelitembelea pia. Virusi hivyo hubebwa na popo wa matunda wanaolala mapangoni. Tena, si wale wa dari ya shosho. Lakini mtu aliyeamshwa na kikohozi cha mtoto saa nane usiku hana haja ya kujua majina ya koo za popo.

Watu wa Kitaka walikuwa na sababu nzuri kuliko sisi ya kuogopa. Kitaka ni mgodi ulioko Ibanda, magharibi mwa Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji waliambukizwa Marburg humo, na mgodi ulikuwa na popo zaidi ya 100,000. Mwaka uliofuata wachimbaji wakaamua kumaliza mambo. Walifunga njia kwa matete na nyavu za samaki, na popo wakafa ndani, chungu kwa chungu. Mpango wa fundi wetu, kwa ukubwa. Kisha mwaka 2012 Marburg ikazuka tena kusini-magharibi mwa Uganda, Ibanda ikiwemo. Watafiti waliporudi mgodini walikuta popo wamesharejea, wachache sana, kati ya asilimia 1 na 5 ya wale wa kwanza. Ila kati ya hao wachache, waliobeba virusi walikuwa asilimia 13.3, kabla ya mauaji walikuwa 5.1. Maelezo yanayotolewa ni kwamba nafasi iliyoachwa ilijazwa na popo wapya ambao miili yao haikuwa imewahi kukutana na ugonjwa, ukawapata kirahisi.

Hadithi hii inapendwa sana na watu kama mimi. Inakuja imeshapikwa: waliua, ikawarudia. Nilimwambia kila mtu. Nilimwambia hata dereva wa matatu ya Nyeri tukiwa tumekwama Karatina siku ya soko. Na yeye ndiye aliyeniharibia, manake aliniuliza swali moja tu: "Na kama ingefanya kazi?"

Kama ingefanya kazi. Kama popo 100,000 wangekufa na Marburg isirudi tena Ibanda. Je, ningesema walikosea? Nikifikiria wachimbaji walioambukizwa, na wake zao, nafikiri nisingethubutu. Lakini dari ya shosho si mgodi wa Kitaka. Hapa hakuna Marburg. Kuna harufu, vumbi, mtoto mwenye kifua, na njia mbili za kuondoa yote hayo. Njia ya kwanza inachukua wiki mbili na inaua. Ya pili inachukua miezi miwili na haiui. Tofauti kati ya hizo mbili si usalama wa mtoto, ambaye anaweza kulala chumba kingine. Tofauti ni subira. Nikiona hivyo, ile njia ya kwanza inakuwa ngumu kuitetea, hata ikifanya kazi vizuri sana. Hasa ikifanya kazi vizuri sana.

Kuna mwanafalsafa Mmarekani, Thomas Nagel, aliyeandika mwaka 1974 makala maarufu akiuliza kuwa popo kunakuwaje. Hakuwa anaandika kuhusu maadili. Alikuwa anabishana na wenzake kuhusu akili na ubongo. Alimchagua popo kwa sababu ni mnyama wa karibu nasi kiasi cha kutosha kuamini kwamba kuna maisha yanayoishiwa mle ndani, na wa mbali kiasi kwamba hatuwezi kuyaingia. Unaweza kujiwazia ukining'inia kichwa chini ukila nondo. Utakachopata ni wewe, ukining'inia kichwa chini ukila nondo. Popo anaijua dunia kwa kuipigia kelele na kusikiliza kinachorudi. Nilipolala chumba cha nyuma nilijaribu kufikiria mama aliyetoka saa moja jioni, akarudi na tumbo limejaa, akaliendea tundu lake na kukuta simenti. Anapiga sauti, inarudi. Anapiga tena, inarudi. Na upande wa pili kuna mwanawe. Hapo ndipo mawazo yangu yanapogonga ukuta, na Nagel angesema ni sawa yagonge. Ila kutojua kulivyo si sawa na kujua hakuna kitu.

Ndiyo, nililala. Shosho hakuwa anatania. Mtoto alihamia kitandani kwake, chumba cha mbele, na mimi nikaambiwa wikendi nije nimalize maneno niliyoyaanza. Nilivaa barakoa, nikalowesha mavi kwa maji ili vumbi lisiruke, nikazoa magunia matatu. Shosho akayamwaga shimoni mbali na nyumba, akasema mwaka ujao ataona kama sukuma zitakubali. Nilipigilia karatasi ya nailoni chini ya dari. Niliulizwa na jirani kama nimefutwa kazi Nairobi. Kwa jumla, katika ile miezi miwili, nililala pale usiku tisa. Zile nyingine hamsini na kitu aliyekuwa ndani ya hiyo nyumba, na harufu, ni yeye. Maadili yangu yalilipiwa kwa sehemu kubwa na mwanamke wa miaka 83, na sioni jinsi ya kuipamba hiyo. Wanaoishi karibu na Kitum na Kitaka wangeielewa haraka kuliko mimi.

Wavu tuliuweka mwanzoni mwa Julai. Jioni hiyo tulikaa nje, shosho kwenye kigoda, amejifunga shuka mbili, mtoto katikati ya magoti yake. Walianza kutoka kama saa kumi na mbili na nusu, mmoja, kimya, watatu, kisha wengi. Mtoto alihesabu hadi kumi akaanza upya, mara nyingi. Mimi nilifika 140 nikapotea. Shosho hakuhesabu. Alikuwa anatazama tu lile tundu, na wa mwisho alipotoka aliendelea kulitazama.

"Wataenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia kuna miti, kuna mawe kule mtoni, hawatakosa.

Alhamisi akanipigia.

"Wamefika kwa Wanjirũ. Ameniuliza namba ya fundi."

"Ukampa?"

"Nimempa yako."